Kokoto za Kura, Muhuri wa Barua

Siku ya kuchagua kamati katika kikundi cha akiba na mikopo, kokoto ndizo karatasi za kura. Kila mgombea anapewa mfuko wa rangi yake, mifuko inapangwa nyuma ya kitambaa, na wanachama wanapita mmoja mmoja, kila mtu na kokoto yake mkononi. Asiyejua kusoma ana kura sawa na ya mwalimu wa shule ya msingi. Kisha mifuko inamwagwa mbele ya wote, kokoto zinahesabiwa kwa sauti, na walioshinda wanakabidhiwa kazi: mwenyekiti, mwandishi, mtunza sanduku, wahesabu fedha wawili. Sanduku lenyewe lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa wanachama watatu wasio wanakamati. Mwenyekiti hawezi kulifungua peke yake, hata kama ana mgonjwa nyumbani usiku wa manane.

Utaratibu huu ulianzia Niger mwaka 1991, shirika la CARE lilipokuwa likifanya kazi na wanawake wa vijijini, kisha ukaenea sehemu kubwa ya Afrika. Mashariki mwa Kongo vikundi hivyo huitwa AVEC, kwa ufupisho wa jina lao la Kifaransa. Watu kati ya 15 na 25 wanakutana kila wiki, wananunua hisa, hisa zinapigwa muhuri kwenye kijitabu, na fedha zinakopeshwa palepale, machoni pa wote. Baada ya mwaka hivi wanagawana, wanaanza upya, na kamati inarudi kwenye kokoto.

Nimeanza na sanduku hili kwa sababu wanaolitumia wanaishi mahali ambapo kuchagua kiongozi wa karibu ni jambo adimu sana. Fuata barabara ya taifa namba 2 kutoka Kanyabayonga, upite Kayna, Kirumba na Lubero hadi Butembo, kisha uendelee mpaka Beni. Njia nzima mwananchi humpigia kura rais na mbunge. Lakini mwami, yaani chifu wa jadi, hurithi kiti, msimamizi wa teritware huteuliwa, na meya wa Butembo na wa Beni huteuliwa vilevile. Katiba ya 2006 na sheria ya Oktoba 2008 juu ya mamlaka za mitaa ziliahidi mabaraza ya kuchaguliwa. Ilipofika Desemba 2023 ndipo madiwani wa komini walipopigiwa kura, tena katika baadhi ya miji tu. Kwa hiyo mama anayeuza viazi anaweza kuwa amemchagua mtunza sanduku, akamwona anazembea, akamwondoa kwa kokoto mwaka uliofuata. Lakini hajapata kumchagua hata mtu mmoja anayeweza kumuuliza ushuru wa soko unakwenda wapi.

Mafunzo ya uongozi yanaingia katika pengo hilo. Butembo na Beni hayajakosekana. Tangu vita vya miaka ya 1990, mashirika ya ndani na ya nje yameendesha semina za amani, za utawala bora, za jinsia, za kutatua migogoro. Ukumbi unajulikana: viti vya plastiki, karatasi kubwa ukutani, soda saa nne, perdiemu jioni ya mwisho, cheti chenye nembo za wafadhili. Perdiemu yenyewe si dhambi. Mtu aliyeacha shamba siku tatu lazima ale. Ubaya unaanza pale mshiriki anaporudi kijijini akiwa na mtu mmoja tu wa kumpa hesabu, naye ni mfadhili aliyeko Goma, Kinshasa au Ulaya. Majirani hawakumtuma, hawajui alifundishwa nini, hawana cha kumdai. Mradi ukifungwa, uongozi wake unafungwa nao. Mafunzo ninayoyaona yameleta mabadiliko katika eneo hili, yawe ya parokia, ya chama cha wakulima au ya vijana wasio na hata ofisi, yalimrudisha mwanafunzi kwa watu wenye haki ya kumuuliza: umefanya nini?

Aliyelijua hili mapema kuliko wengi ni Emmanuel Kataliko, askofu wa Butembo-Beni kuanzia 1966 hadi 1997. Hakuwa na mradi wa uongozi kwa jina hilo. Alikuwa na barabara za vijijini zilizohitaji kulimwa, zahanati na shule zilizohitaji kuta, na jumuiya ndogo ndogo za Kikristo ambamo majirani humweka mmoja wao kuwa mbele. Serikali ya Mobutu ilikuwa imefika mahali pa kushindwa kulipa walimu. Waumini, wakulima na wafanyabiashara wa Butembo wakazoea kukaa, kupanga, kuchanga na kudaiana hesabu. Mwaka 1989 mji huo ukapata Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben. Tukihesabu chuo kama majengo tu, tunapoteza nusu ya habari. Aliyechanga akiona mchango wake umekuwa darasa hujifunza kwamba mambo ya watu wote yanaweza kuendeshwa na watu wenyewe, na mwenye kujifunza hilo hadanganyiki kwa urahisi tena.

Akiwa askofu mkuu wa Bukavu, Kataliko alitoa ujumbe wa Noeli ya 1999 uliokemea ukandamizaji wa waliokuwa wakitawala mashariki kwa silaha. Februari 2000 waasi wa RCD walimzuia kurudi Bukavu, wakamfungia uhamishoni Butembo, miongoni mwa watu aliowalea kwa miaka thelathini. Huko Bukavu Wakristo hawakutulia, wakamdai hadharani mpaka akarudishwa Septemba. Alifariki Roma tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo.

Magharibi mwa barabara ile, katika misitu ya Lubero, kuna mfano mwingine ambao wasomaji wengi wa Kiswahili hawausikii. Mwaka 1998 Pierre Kakule Vwirasihikya, aliyekuwa mhifadhi wa mbuga za serikali, alikaa na machifu wa Batangi na Bamate wakazungumzia msitu wa mababu na gorila waliobaki ndani yake. Mbuga za zamani zilianzishwa kwa amri kutoka juu, na wenye ardhi walifukuzwa. Hapa machifu wenyewe walikubali kutenga eneo, wakajua mipaka yake, na walinzi wakatoka vijiji vilevile. Serikali iliitambua rasmi Hifadhi ya Tayna mwaka 2006. Kasugho, kijiji ambacho ramani nyingi hazikionyeshi, kikapata chuo cha kufundisha uhifadhi, na baadaye kituo cha GRACE, kilichofunguliwa 2010 kulea gorila mayatima. Vita na uhaba wa fedha vimeitikisa kazi hiyo sana. Hata hivyo mtindo wake unafaa kusomwa na kila mwandaaji wa semina: wenye nyumba ndio waliotoa masharti, na mtaalamu aliyekuja kwao alikuwa mtu wao.

Upande wa pili kuna Barza Inter-Communautaire, iliyoundwa Goma mwaka 1998 kuwakutanisha wawakilishi wa makabila ya Kivu ya Kaskazini. Kwa miaka kadhaa ilisuluhisha migogoro ya ardhi na kuzuia damu isimwagike. Kufikia 2005 ilikuwa imepasuka, kwa kuwa siasa za wakubwa zilikuwa zimeingia mpaka kwenye viti vyake. Kwa maoni yangu wazee wale hawakupungukiwa hekima. Walipungukiwa watu wa chini wenye nguvu ya kuwaita na kuwahoji.

Kisha ikaja Ebola, na kila nadharia juu ya ushiriki wa wananchi ikapimwa kwa maisha ya watu. Mlipuko ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukianzia Mangina karibu na Beni, na ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, 2,287 walikufa. Zona ya afya ya Kayna nayo iliguswa. Miezi ya mwanzo mapambano yaliendeshwa kwa msafara: magari makubwa, wageni wengi, mishahara mikubwa, polisi wa kusindikiza. Watu waliokuwa wakichinjwa na makundi yenye silaha kwa miaka bila msaada waliuliza kwa nini homa hii moja ina fedha zote hizi. Hilo lilikuwa swali la haki, na halikujibiwa kwa wakati. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa. Tarehe 19 Aprili daktari Richard Mouzoko, raia wa Kamerun aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa akiwa kazini katika hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo.

Mambo yalianza kugeuka pale kazi ilipowekwa mikononi mwa wenyeji. Kamati za mitaa zilipewa nafasi ya kusema nani aingie nyumba gani na kwa lugha gani. Vijana wa mtaa walifundishwa kuzika kwa usalama, ili familia isimwone mgeni aliyefunikwa uso akimchukua mzee wao. Waliopona walikuwa na kinga mwilini. Mjini Beni walibeba na kulea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Chanjo iliwafikia zaidi ya watu 300,000. Mtu aliyemshawishi mama kukubali sindano aliendelea kukutana naye kisimani kila asubuhi. Kama angemdanganya, angekuwa na pa kujificha? Mwezeshaji aliyekuja kwa ndege na kuondoka kwa ndege hakuwahi kuwekwa katika hali hiyo.

Katikati ya janga hilo lilitokea tendo ambalo kwangu ni kubwa kuliko semina zote. Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya uchaguzi mkuu, tume ya uchaguzi ilitangaza kuwa Beni na Butembo hazitapiga kura mpaka Machi, kwa sababu ya Ebola na usalama. Masoko yalikuwa wazi. Makanisa yalikuwa wazi. Watu wakauliza kwa nini ugonjwa uwe sandukuni tu. Mjini Beni wananchi, vijana wakiwa mbele, wakaandaa uchaguzi wao wenyewe. Tarehe 30 walijipanga kwa maelfu. Kabla ya kulifikia sanduku kila mmoja alinawa mikono, kama walivyofundishwa na wahudumu wa Ebola, kisha akatia karatasi yake. Kura zao hazikuingia katika hesabu yoyote ya taifa. Rais Félix Tshisekedi aliapishwa tarehe 24 Januari 2019, na Beni na Butembo wakapiga kura za wabunge tarehe 31 Machi, mshindi wa urais akiwa Ikulu tayari.

Kuna waliosema ilikuwa igizo. Sikubaliani nao. Mji mzima ulionyesha kwamba unajua kupanga foleni, kulinda siri ya kura, kuhesabu hadharani na kujikinga na ugonjwa kwa wakati mmoja, bila tume na bila posho. Haikuwa kazi ya siku nne. Ujuzi wa kuendesha jambo hadharani ulikuwa umekusanyika polepole kwenye mabaraza ya mtaa, kwenye jumuiya, kwenye vyama vya wakulima kama SYDIP na kwenye umoja wa wanawake wakulima, LOFEPACO, vyote vyenye makao Butembo. Ulikuwapo pia penye mijadala ya kusimama ya Parlement Debout ya Furu, mjini Butembo, ambako mwenye hoja husimama akasema na wasikilizaji wakamjibu papo hapo.

Na ulikuwepo ndani ya LUCHA. Vuguvugu hilo la vijana lilizaliwa Goma mwaka 2012, likianza na mambo ya nyumbani kabisa: maji ya bomba na ajira. Halina rais, na limeshika sharti la kudai haki bila fujo. Mwaka 2016 Amnesty International iliwapa tuzo yake ya Balozi wa Dhamiri, pamoja na Angélique Kidjo na mavuguvugu ya vijana ya Senegal na Burkina Faso. Mwaka huohuo Rebecca Kabugho alikuwa gerezani Goma na wenzake watano, kwa kuandaa siku ya mji kufungwa kama njia ya kudai uchaguzi. LUCHA ilipofika Beni na Butembo ilikuta watu waliochoshwa na mauaji ya raia yaliyokuwa yakiendelea tangu Oktoba 2014, na ikaulizwa swali gumu kuliko yote: mtu anayezika ndugu zake kila mwezi aambiwe asiokote jiwe?

Wapo waliookota. Novemba 2019 ofisi ya meya wa Beni ilichomwa na kambi ya Umoja wa Mataifa kuvamiwa. Julai 2022 ghadhabu dhidi ya MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa, mjini Butembo iliua raia na walinzi wa amani. Ghadhabu ile ilikuwa na sababu, na anayeihukumu akiwa mbali aanze kwanza kwa kuhesabu makaburi ya Beni. Lakini moto huo haukuokoa kijiji hata kimoja. Aprili 2021 watoto wa shule walifanya tofauti. Kwa mamia walikaa mbele ya ofisi ya meya wa Beni, mchana na usiku kwa siku kadhaa, wakimtaka Rais aje aone wanavyouawa. Polisi waliwatawanya. Tarehe 30 Aprili Rais alitangaza hali ya kuzingirwa, yaani utawala wa kijeshi, na Juni akafika Beni mwenyewe. Sidai kwamba watoto ndio walioamua ratiba ya Ikulu. Nasema sauti yao ilisikika mbali kuliko matairi yaliyochomwa.

Gharama ya kusema imekuwa kubwa. Tarehe 21 Mei 2020 Freddy Kambale wa LUCHA alipigwa risasi na kufa katika maandamano ya Beni. Januari 2022 Mumbere Ushindi naye aliuawa kwa risasi mjini humo, akiandamana kupinga hali ya kuzingirwa. Chini ya hali hiyo wanajeshi na maafisa wa polisi walichukua nafasi za gavana na mameya, na raia wakapelekwa mahakama za kijeshi. Wanaharakati 13 wa Beni waliokamatwa Novemba 2021 walihukumiwa kifungo cha miezi 12. Anayewafundisha vijana wa huko uongozi, halafu akawaficha habari hizi ili semina iwe ya kufurahisha, hawatendei haki. Mafunzo ya kweli yanamwambia kijana wakili ni nani, simu ya kwanza inapigwa kwa nani, na nani atabaki na mama yake.

Kuna sehemu ya mafunzo haya isiyo na picha nzuri za kupeleka kwa mfadhili, nayo ndiyo ninayoipenda kuliko zote: kufundishwa kuandika barua. Ibara ya 26 ya Katiba inamtaka anayeandaa maandamano aijulishe mamlaka kwa maandishi. Kujulisha, siyo kuomba ruhusa. Ibara ya 27 inampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, peke yake au na wenzake, na mamlaka inatakiwa kujibu ndani ya miezi mitatu. Barua inapelekwa kwa nakala mbili. Moja inabaki ofisini, ya pili inapigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na kurudi na mwenye nayo. Siku ile miezi mitatu inaanza kuhesabiwa. Karani anaweza kudai muhuri haupo, mkubwa amesafiri, barua iachwe tu. Kijana aliyefundishwa anakaa kwenye benchi anasubiri muhuri. Kesho yake anarudi. Na kwa kuwa barua ina saini za mama wa soko na waendesha pikipiki, jioni anawapitia kuwaeleza imefikia wapi. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zilizotajwa katika Katiba hiyo, kwa hiyo mwananchi wa Kayna ana haki ya kuzisoma ibara hizi kwa lugha anayonunulia chumvi. Nakala za Kiswahili katika kila ofisi ya mtaa zingefanya kazi kuliko warsha nyingi za hotelini.

Kayna yenyewe leo inauliza swali ambalo ibara ya 27 hailijibu. Mwishoni mwa Juni 2024 waasi wa M23 waliteka Kanyabayonga, na siku chache baadaye Kayna na Kirumba zikawa mikononi mwao. Watu walitembea kwa miguu kuelekea kaskazini, Lubero na Butembo, magodoro vichwani, na wengi walipokewa majumbani mwa watu kabla ya msaada wowote kufika. Ombi lipelekwe kwa nani, wakati aliyeshika muhuri wa ofisi amekuja na bunduki? Kuwahimiza waliobaki waandamane ni kuwatuma kufa, na mwandishi aliye salama hana haki ya kufanya hivyo.

Kinachowezekana ni kidogo zaidi na kinahitaji watu walewale. Familia iliyofika Butembo inahitaji mtu wa kuiandikisha kwa jina lake sahihi, kumtafutia mtoto shule, na kuketi na mwenye nyumba mwezi wa pili, unga unapokuwa umekwisha. Orodha ya wakimbizi ikishikwa na mtu asiyewajibika kwao hujaa majina hewa. Wafadhili wanaotaka kuijenga upya Lubero ya kusini wasianze kwa kutafuta vijana wapya wa kuwafundisha uongozi. Waulize kwanza waliokuwa wakishika funguo za masanduku ya Kayna na Kirumba wamelala wapi sasa, nani kati yao aliondoka na daftari la hisa, na kama wanachama wenzake wanamwamini bado. Huyo ndiye wa kupewa orodha, na wenye majina yao ndani yake wasomewe hadharani kila inapobadilishwa.